Kiatu cha Mguu wa Kulia

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila roho ndiyo inayopanda na kushuka. Mama hajambo? Macho yake je, na ile redio yake anayogombana nayo kila taarifa ya habari?

Najua mmenitafuta. Sikutoroka na mwanamume, mwambie Mama apumue. Jumatatu iliyopita nilikuwa chumba cha vidonda kama siku zote, nimevaa glavu, nimeinamia goti la mzee mmoja, mara wakaingia askari wawili na mganga mkuu nyuma yao anatokwa jasho. Wakauliza ni nani hodari wa vidonda vya sukari. Wenzangu wote wakanitazama mimi. Sifa zitakuja kuniua, kaka. Nikaambiwa nichukue vifaa vyangu, ni kazi ya wiki mbili.

Sasa nipo ndani ya ua wenye ukuta mrefu. Ni mji wetu huuhuu, lakini siwezi kukwambia ni upande gani kwa sababu njiani nilifunikwa macho. Nina chumba, kitanda cha chuma, na dirisha linalotazama ukuta. Mlango hufungwa kwa nje. Na mgonjwa wangu, mmoja tu, ni Mkuu.

Ndiyo, yeye mwenyewe. Yule ambaye picha yake ilitundikwa katika kila duka, hata la kwako, na aliyeondolewa mwaka jana watu wakacheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Hukumu yake ya kunyongwa mliisikia redioni. Msilolisikia ni kwamba sheria ya gereza hairuhusu kumnyonga mgonjwa. Lazima daktari athibitishe kuwa amepona, na lazima aende kitanzini kwa miguu yake mwenyewe. Na mguu wake wa kulia una kidonda chini ya kidole gumba, chenye kina cha kuzamisha ncha ya kidole changu. Kwa hiyo nimeletwa nimponye ili wamuue. Nami sitoki humu mpaka shughuli iishe, kwa kuwa sasa nimemwona. Kikipona haraka, narudi nyumbani haraka. Ndivyo alivyoniambia Afande anayetulinda, kwa upole kabisa, huku akinimenyea chungwa.

Kaka, nina ombi, na ukikataa sitanuna. Kidonda cha aina hii hakiponi kikikanyagiwa. Kinahitaji kiatu chenye soli nene iliyochimbwa shimo pale penye kidonda, ili uzito wa mwili ukae pembeni. Hapa hakuna kiatu cha hivyo, na fundi viatu ninayemwamini ni wewe. Nakutumia mchoro wa mguu. Afande amekubali kitengenezwe nje, hata hakuuliza na nani. Barua anakuletea dereva wa gari la mashuka, ambaye huja mara mbili kwa wiki kuchukua machafu na kuleta masafi. Niliwahi kumtibu mama yake. Mwamini kwa barua, ila usimpe maneno ya mdomo, maana mdomo wake hauna kufuli.

Mdogo wako

9 Machi

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama alilia, akacheka, akalia tena, kisha akasema nikwambie ule vizuri. Na redio bado wanagombana. Jana alimwambia msomaji wa habari anyamaze kwanza, yeye anaongea.

Mchoro wako niliuweka mezani asubuhi, nikashindwa kuugusa mpaka mchana. Mteja mmoja akauliza, "Fundi, huo mguu wa nani?" Nikamwambia wa bwana harusi. Wewe unajua mguu ule umekanyaga nini nyumbani kwetu. Siku walipomchukua wifi yako pale shuleni, mwalimu wa darasa la tatu, chaki bado mkononi, kosa lake ni kukataa kuwasimamisha watoto juani wampungie Mkuu mkono, nilikwenda kila mlango wenye askari. Mlango wa mwisho ndipo waliponivunja hivi vidole viwili. Miaka sita sijui amelala wapi. Wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi nina gauni lake msumarini.

Basi nikaketi nikakishona. Nimekishona vizuri kuliko kiatu chochote nilichowahi kukishika. Ngozi laini, sponji juu ya sponji, shimo nimelichimba kwa kisu kidogo mpaka likakaa sawa na alama yako. Nataka atembee vizuri. Nataka atembee kama kijana mpaka kule kwenye kamba. Dawa ya moto ni moto. Mponye, mdogo wangu, mponye upesi, yeye aende zake na wewe urudi kwetu. Hapa mtaani watu wameshaanza kununua bendera wakiingoja siku hiyo, na mimi nimenunua yangu.

Kaka yako

20 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo, ila jua nalisikia kwa habari tu. Ua wa kutembelea ni wa mgonjwa, si wangu.

Kiatu kimefika na kimemkaa kana kwamba ulimpima mwenyewe. Kidonda kinajifunga. Nyama imeota nyekundu safi, ukingo umeanza kuingia ndani, harufu imekwisha. Ningekuwa hospitali ningewaita wanafunzi waje watazame. Na hapo ndipo ninapojichukia. Kila nikifungua bendeji nikakuta kimepungua, moyo unafurahi kwanza, kisha nakumbuka kinapona kwa ajili ya nini. Nampunguzia mtu siku zake kwa pamba na maji ya chumvi.

Utataka kujua yukoje. Ni mzee. Kumbe nywele alikuwa akizipaka rangi, sasa zimeota nyeupe chini. Analalamikia supu, analalamikia taa, ananiita "binti". Siku ya kwanza nilimwaga dawa kwenye shuka. Akasema, "Polepole, binti, mwanzoni kila mtu huniogopa." Kiatu amekisifu sana. Akauliza fundi ni nani. Nikamjibu ni fundi tu wa mjini. Akasema angekuwa bado ofisini angempa cheo. Nikatoka nikaenda kunawa uso.

Afande huja kila asubuhi, anainamia kidonda mikono ikiwa nyuma, anauliza, "Lini, sista?" Sijapata kuona mtu mwenye haraka na kidonda cha mwenzake kiasi kile. Daktari wa kuthibitisha atakuja katikati ya mwezi ujao. Mimi nimeshaanza kupanga nguo zangu kwenye mfuko.

Mdogo wako

27 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Mama anakusalimu, anasema umeandika habari za mzee yule nyingi kuliko zako.

Isome barua hii ukiwa umekaa. Juzi nilikwenda mahakamani. Kumbe kesi aliyohukumiwa ni moja tu, ile ya maofisa aliowapiga risasi walipotaka kumpindua. Kesi ya watu waliopotea, yaani kesi ya wifi yako, haijasikilizwa hata neno. Itaanza tarehe 24 Aprili, na mimi nimo kwenye mashahidi. Nilifurahi mpaka nikamshika karani mikono yote miwili. Ukumbi ulijaa kina mama wamebeba picha za watoto wao kifuani. Karani, kijana mstaarabu, alisubiri wapungue ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, usitie matumaini mengi. Mshtakiwa akifa, kesi inakufa naye. Faili linafungwa siku hiyohiyo."

Umeona? Wanamwahi. Sisi huku tunanunua bendera, wao wanatuzibia mlango.

Nimekaa dukani siku mbili bila kushika sindano. Mdogo wangu, nilidhani nataka afe. Kumbe nataka kwanza aulizwe. Nataka nisimame mbele yake nimwambie, "Mke wangu umemweka wapi?" na jaji amwamuru ajibu, na watu wote wasikie. Baada ya hapo wamfanye watakavyo, hata wakimpa shamba alime mchicha, shauri yao.

Kwa hiyo nakuomba kinyume cha nilichokuomba. Mcheleweshe. Mvue kile kiatu. Kiache kidonda kilivyo mpaka kesi ianze, ni wiki chache tu. Na kama unaweza, muulize. Wewe unamshika mguu kila siku, mimi hata kumwona kwa mbali sijapata.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo kwa kusema tu. Mama asijue niliyoandika humu.

Sitakiacha kidonda. Sina namna ya kukiacha. Kidonda cha sukari ukikilegezea hakingoji tarehe ya mahakama: leo kidole, kesho mguu, keshokutwa mtu. Ungeniomba figo ningekupa moja, na nyingine ningeifikiria. Hili sina, kaka. Nikimwacha huyu aoze, kesho nikirudi chumba cha vidonda nitamshika vipi mtu mwingine?

Ila nimemuuliza. Jana askari wa mlangoni alitoka kuvuta sigara. Nikamwambia mzee, huku nafunga bendeji, sikuinua uso: mwalimu wa darasa la tatu, alichukuliwa shuleni, miaka sita sasa, alipelekwa wapi? Aliutazama mguu wake kwanza. Kisha akasema, "Binti, mimi nilikuwa natia saini tu, sikuchimba. Muulize huyo anayekumenyea machungwa. Ndiye aliyeongoza yale magari yaliyowabeba." Halafu akaomba maji ya kunywa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Afande alihamia upande wa washindi wiki ya mwisho kabisa ya utawala wa Mkuu, nimewasikia askari wenyewe wakimtania. Sasa nimejua haraka yake ni ya nini. Anataka mdomo ule ufungwe kabla haujafika kwa jaji. Na yeye ndiye mwenye ufunguo wa mlango wangu. Leo aliniletea chungwa, nikashindwa kulimeza.

Mzee akinyongwa mapema, mimi naja nyumbani na wewe hutajua wifi alipo. Akichelewa, labda utajua, nami nabaki humu na mtu ninayemwogopa. Nimejaribu kulifikiria kila upande, kila upande ni ukuta. Nataka kulala kwenye kitanda changu. Nisamehe kwa kusema hivyo, wewe uliyekosa mke.

Soli ya ndani ya kiatu imebonyea. Nimempa dereva akuletee. Irekebishe uirudishe upesi, maana bila kiatu anakanyagia kidonda.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Kiatu hicho. Nimebadilisha soli ya ndani, nimeweka mpya. Mvalishe asubuhi, atembee kidogo uani kama kawaida yake. Usiitoe soli, nimeigandisha kwa gundi, ukiing'oa utaiharibu.

Nimeyasoma yote uliyoandika. Usiniulize mengi kwa sasa.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu.

Juzi nilimvalisha mwenyewe. Nilipiga goti, nikamfunga kamba kwa mikono hii. Akatembea uani asubuhi nzima, anazunguka, anawasimulia askari habari za ujana wake, anacheka. Mimi namtazama mlangoni nasema kiatu cha kaka kinafanya kazi. Kisha nikaona anaacha alama chini kila akiukanyaga mguu wa kulia. Alama nyekundu.

Misumari midogo ya soli. Umeipanga chini ya ngozi kwa ufundi wako wote, isichomoze mpaka ngozi ipate joto na kulegea. Na hukujua jambo moja, kaka, wala mimi sikukwambia kwa kuwa sikudhani utalihitaji: wagonjwa wa namna hii miguu yao imekufa ganzi. Ndiyo maana wanapata vidonda. Unaweza kumchoma kaa la moto na asigeuze shingo. Hakuumia. Hakusikia chochote! Alishangaa damu imetoka wapi. Mimi ndiye niliyelia, na askari wakadhani namlilia yeye.

Kidonda kimefumuka chote. Jana homa ilipanda, leo kidole kimegeuka rangi na ile harufu imerudi. Namsafisha asubuhi, mchana na jioni, na sijui kama nitaushinda huo uozo. Afande alikishika kiatu, akaigeuza soli juu chini, akaitoa misumari mmoja mmoja akaiweka kwenye kisahani. Akauliza, "Nani fundi wako, sista?" Nikasema misumari niliiweka mimi. Sikufikiri, neno lilitoka tu. Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo linalonitisha. Tangu jana chakula napewa chini ya mlango, nafunguliwa kwa ajili ya kidonda tu.

Haya, umepata wiki zako. Daktari hatathibitisha mguu ule. Ulinisihi nimcheleweshe nikakataa, ukanifanya nikucheleweshee bila kunitaka ruhusa. Mkuu naye ndivyo alivyokuwa akiwatumia watu, kaka.

Usije huku. Mama mwambie mimi mzima.

Mdogo wako bado

15 Aprili

Kitindamimba wangu, mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikajikuta nimekaa chini sakafuni katikati ya vipande vya ngozi.

Nilijiambia ni kwa ajili ya kesi. Nilijiambia hivyo nikikata, nikigonga, nikipaka gundi. Lakini msumari wa mwisho niliuongeza bila sababu ya kesi yoyote. Ule niliuweka ili aumie. Nilikaa hapa mchana kutwa namfikiria anakanyaga, na nilifurahi, mdogo wangu, nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu wamchukue wifi yako. Kumbe wakati huo yeye anasimulia hadithi na wewe unafuta damu. Hasira hasara, nami hasara yangu nimekubebesha wewe.

Nitakuja. Nitakwenda kwa karani, nitauliza njia, nitafika langoni na nyundo yangu mkononi niseme ni mimi. Sitaki ubebe kosa langu.

Ila nisikilize. Nikija leo watanifunga leo. Tarehe 24 shahidi hatakuwepo, na jina la wifi yako halitatajwa mle ndani na mtu yeyote, kwa sababu hana mwingine. Nimeligeuza jambo hili mpaka kichwa kinauma. Nivumilie mpaka siku hiyo. Nisimame mara moja, niulize mara moja, hata jaji asiponijibu. Na kumtaja Afande nitamtaja palepale mbele ya watu. Nikitoka mlangoni kwa jaji nakuja moja kwa moja kwako. Naona aibu kukuomba, na bado nakuomba.

Kama hapana, nijibu hapana, nitakuja kesho yake.

Kaka yako

2 Mei

Mdogo wangu, popote ulipo,

Umeamkaje? Unakula? Wanakufungulia mlango?

Dereva wa mashuka alinipa jibu lako. Alisema uliisoma barua yangu umesimama mlangoni, ukaikunja ndogo kabisa, ukamwambia, "Mwambie sawa." Nimeomba anirudie mara kumi kama hukuongeza neno jingine. Hukuongeza. Hilo neno nalala nalo, naamka nalo.

Tarehe 24 nilivaa shati jeupe. Tulikuwa wengi hadi nje. Tukangoja, kiti cha mshtakiwa kitupu. Jaji akaingia, akasoma karatasi bila kuketi: mshtakiwa alinyongwa alfajiri ya siku hiyo, kesi imefungwa. Nikapiga kelele, nikasema sheria gani hiyo, mguu unaoza, hajapona! Askari mmoja pembeni yangu akacheka akasema, "Mzee, kwani kamba inafungwa mguuni?" Walimpeleka juu ya kiti. Walimbeba wanne, na daktari hakuitwa. Sheria waliyokufungia kwa ajili yake wiki zote hizo waliivuka kwa asubuhi moja.

Barabarani ilikuwa sherehe. Watu ninaowajua, watu wazuri, walinikumbatia wakaniambia, "Fundi, pole, sasa pumzika, haki imepatikana." Bendera yangu ilikuwa dukani. Sikuitoa.

Nilikuja kama nilivyosema. Karani ndiye aliyenielekeza, kwa siri, na nilifika na nyundo mkononi. Lango lilikuwa wazi, kaka yako akaingia mwenyewe bila kuzuiwa. Ua umefagiwa. Niliona dirisha linalotazama ukuta. Kitanda cha chuma kimesimamishwa ubavu. Kulikuwa na mlinzi mmoja, mgeni, anakunywa chai. Nikamwambia, mimi ndiye niliyetia misumari, mfungueni mdogo wangu. Akaniuliza mdogo gani. Nikasema muuguzi. Akasema, "Hapa hajawahi kukaa muuguzi, mzee. Hapa palikuwa ghala." Nilikaa langoni mpaka akanionea huruma akanipa chai yake.

Hospitali wanasema uliacha kazi mwezi Machi. Dereva ameambiwa asirudi tena. Afande nimemsikia redioni, amepewa cheo kikubwa, anaongea polepole na kwa adabu kama ulivyosema. Nilikwenda ofisini kwake siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alipita karibu yangu, akanisalimia, akatazama vidole vyangu, akaingia garini.

Mama nimemwambia umepelekwa kazi ya mbali. Anauliza mbali wapi. Namwambia mbali.

Leo nimekwenda tena kwa karani. Kesi imefungwa, lakini majina ya waliopotea bado wanapokea, ndivyo walivyoagizwa, hajui ni ya nini. Nilipanga foleni na wale kina mama. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikasema mke wangu. Akaandika. Akapuliza wino ukauke, akainua uso, akaniuliza kama anavyowauliza wote, "Kuna mwingine?"

Kaka yako